Moshi haufi, huhama: Tupime nishati mpya za magari kabla ya kuzishangilia

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi saa kumi na mbili za jioni, akisubiri gari la kumrejesha nyumbani, anaujua moshi bila ya kufunzwa na mtaalamu. Huuona ukifuka kutoka kwa lori lililosheheni saruji, huuonja kooni, na afikapo kwake hukuta ukosi wa shati umebadilika rangi. Mama aliyebeba mtoto mgongoni humfunika kichwa kwa ncha ya leso, kana kwamba kitambaa hicho chaweza kuizuia hewa chafu isimfikie. Hayo ndiyo maisha tuliyoyazoea, na mazoea, kama wahenga walivyonena, yana taabu.

Jioni moja nilikuwa katika foleni hiyo ya abiria basi la umeme lilipopita mbele yetu. Halikunguruma wala halikuacha moshi nyuma yake. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu akatikisa kichwa kwa furaha na kusema, "Hili sasa ndilo gari. Tumepona." Kijana aliyekuwa akiuza maji ya chupa akamjibu kwa adabu, "Sawa, mzee, lakini huo umeme wenyewe watoka wapi?" Watu wakacheka. Mara gari letu likaja na kila mtu akapigania mlango. Hata hivyo, swali la kijana yule lilibaki nami hadi nyumbani, na ndilo lililonifanya niyaandike makala haya.

Tunaishi katika zama ambapo kila mwezi tunaambiwa kuwa imepatikana dawa ya moshi wa magari. Leo ni alkoholi ya miwa, kesho ni mafuta ya mbegu, keshokutwa ni gesi, na sasa ni betri. Kila dawa huletwa kwa hotuba na vigelegele. Ningependa kutoa hoja moja ambayo naamini historia yetu wenyewe inaithibitisha: moshi haufi, huhama. Kila nishati ina uchafu wake mahali fulani, iwe ni barabarani, shambani, mtoni au mgodini. Kwa hiyo swali la busara si kama nishati fulani ni safi au ni chafu. Tuulize uchafu wake unamwangukia nani, na je, mtu huyo aliulizwa?

Funzo la risasi

Tuanze na mafuta tuliyoyazoea, maana asiyejua aendako yafaa ajue atokako. Mnamo mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors nchini Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi kikichanganywa na petroli huizuia injini isigonge. Wakati huo ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa alkoholi nayo yaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini mchanganyiko wa risasi uliweza kupewa hataza na kumtajirisha mwenye kuumiliki, ilhali alkoholi yaweza kupikwa na mtu yeyote mwenye nafaka au miwa. Risasi ikachaguliwa, na kwa miongo mingi ikatoka katika mabomba ya magari na kuingia katika damu ya watoto wa dunia nzima, ambako hudumaza akili kabla ya mzazi kutambua kuna kasoro.

Mnamo Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegali, wakaazimia kuiondoa risasi katika petroli. Kufikia Januari 1, 2006, azimio hilo lilikuwa limetekelezwa, nasi Wakenya tukiwamo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuyauza mafuta hayo ilikuwa Algeria, Julai 2021, na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake papa hapa Gigiri, likaitangazia dunia habari hiyo mwezi uliofuata. Kutoka 1921 hadi 2021 ni miaka 100 kamili. Karne nzima ilipita kabla ya kosa la uamuzi mmoja kufutwa.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, yaonyesha kuwa serikali zikiamua, hewa husafika hata bila ya kubadilisha gari. Vivyo hivyo, tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli inayoingizwa isiwe na salfa inayozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Ilikuwa hatua ya maana, hasa ikikumbukwa kuwa mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutia moshi wa dizeli katika orodha ya visababishi vya saratani. Pili, hadithi ya risasi yatufunza kuwa nishati huchaguliwa na wenye faida, na gharama huachiwa wasiokuwa mezani.

Hata jitihada njema huwa na mkia wake. Mwaka 2018, ili kuwakomesha wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli, serikali ilitoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Injini zikapumua. Lakini mama wa mtaa wa mabanda aliyekuwa akipikia mafuta hayo alijikuta hayawezi tena, na wengine wakarudia makaa. Moshi ulipungua barabarani ukaingia jikoni. Ndivyo unavyohama.

Pombe ndani ya tangi

Vijana wengi wadhani kuwa mafuta ya mimea ni jambo jipya. La hasha. Katika miaka ya 1980 petroli iliyouzwa Nairobi ilikuwa ikitiwa alkoholi iliyotengenezwa kwa molasi kule Muhoroni, kiasi cha asilimia 10. Kiwanda kingine kama hicho kilianza kujengwa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1970, gharama zikafura, ujenzi ukakwama, na majengo yake yakasimama miaka mingi kama ushahidi wa fedha za umma zilizotumika ovyo. Mpango wa Muhoroni nao ulififia katika miaka ya 1990. Bei iliyowekwa na serikali haikuwaridhisha watengenezaji, kampuni za mafuta hazikuwa na hamu nao, na alkoholi ikaonekana kuwa na soko bora ng'ambo.

Mwenzetu Brazil alianza mpango wake mwaka 1975, na hakuuacha. Tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida nchini humo inapaswa kuwa na asilimia 30 ya alkoholi, na magari yaliyo mengi yaweza kutumia hata alkoholi tupu. Sababu mojawapo ya mafanikio hayo ni kwamba viwanda vyao huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke na umeme, badala ya kuchoma mafuta mengine kutengeneza mafuta.

Faida za alkoholi si za kubishaniwa. Humwezesha mkulima wa miwa kupata soko la pili, huokoa fedha za kigeni, hupunguza gesi ya kaboni monoksidi inayoua, na huzuia injini kugonga bila ya risasi. Zaidi ya hayo, molasi ni masalio ya sukari. Anayeitumia hamnyang'anyi mtu chakula.

Upande wa pili nao tuutazame bila kupepesa macho. Lita moja ya alkoholi ina nguvu ipatayo theluthi mbili tu ya lita ya petroli, kwa hivyo dereva atajaza tangi mara nyingi zaidi. Alkoholi hupenda maji, na tangi la kituo lisipotunzwa mchanganyiko hujitenga na kuharibu injini. Huongeza pia kemikali iitwayo asetaldehidi inayowasha macho na koo. Lakini uchafu wake mkubwa hauko barabarani hata kidogo. Kila lita ya alkoholi ikipatikana, kiwandani husalia lita kumi au zaidi za majitaka ya rangi ya kahawa, yenye joto na tindikali. Yakimwagwa mtoni kabla ya kusafishwa, hufyonza hewa yote iliyomo majini, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Mito ya ukanda wetu wa miwa yote huishia katika Ziwa Victoria. Basi dereva wa Nairobi atajisifu kwa hewa safi huku mvuvi wa Nyando akizikunja nyavu zake tupu.

Dawa ipo. Majitaka hayo yaweza kugeuzwa gesi ya kupikia au kuendeshea mitambo, na masalio yake yakawa mbolea. Kinachotakiwa ni mkaguzi asiyenunulika.

Mbegu zilizoahidi dhahabu

Katika muongo wa kwanza wa karne hii kulizuka homa ya mbono kaburi, mmea ambao wataalamu huuita jatrofa. Tuliambiwa kuwa huota penye ukame, hauhitaji mbolea, hauliwi na mifugo, na mbegu zake hukamuliwa dizeli. Wakulima wa sehemu nyingi nchini, kutoka Pwani hadi Nyanza, waliupanda kwa matumaini makubwa. Mwaka 2009 utafiti ulioshirikisha kituo cha kilimo-misitu duniani chenye makao yake Nairobi uliwafikia wakulima hao na kuhesabu walichovuna. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha: mavuno yalikuwa haba mno, na watafiti wakashauri mmea huo usipandwe kama zao la biashara bali kama ua la kuzungushia boma. Kumbe mti waweza kuishi penye ukame lakini usizae penye ukame. Hata ng'ombe hudumu kiangazi, lakini hatoi maziwa.

Kisa cha Dakatcha, kaskazini mwa Malindi, chastahili kukumbukwa. Huo ni msitu wa miti asilia wanamoishi Wagiriama na Wawata, na ni makao ya ndege aina ya kwera ajulikanaye kama kwera wa Clarke, asiyepatikana kokote duniani ila katika kaunti ya Kilifi. Wawekezaji kutoka Italia walitaka hekta 50,000 za ardhi hiyo ili kupanda mbono kwa ajili ya soko la Ulaya, ambalo lilikuwa limejiwekea shabaha ya kutumia nishati ya mimea. Mashirika ya kutunza mazingira yaliagiza hesabu ifanywe. Ikabainika kuwa miti ikishakatwa na udongo kuchimbuliwa, mafuta yatakayopatikana yangeichafua anga mara mbili na nusu hadi mara sita kuliko mafuta ya kawaida. Wenyeji walipaaza sauti, na hatimaye halmashauri ya mazingira, NEMA, ikaukataa mradi huo.

Ndugu zetu wa Kisarawe, nchini Tanzania, hawakubahatika hivyo. Vijiji 11 viliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa kampuni ya Kiingereza iliyopanda mbono. Mwaka 2011 shughuli zilisimama. Mamia ya watu walioajiriwa walirudi nyumbani mikono mitupu, na nyumbani kwenyewe ardhi haikuwa yao tena.

Kuna pia suala la chakula. Nchini Marekani, takriban asilimia 40 ya mahindi hutumika kutengenezea alkoholi ya magari. Mwanzoni mwa mwaka 2007 raia wa Mexico waliandamana kwa sababu bei ya chapati zao za mahindi ilikuwa imepanda, na mahitaji ya viwanda vya alkoholi vya jirani yao yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Nchi ambayo huagiza mahindi kutoka nje kila mvua inapokosa, kama yetu, haina ruhusa ya kulisha gari kabla ya kulisha mtoto. Nasema hivi nikijua kwamba tangu mwaka 2022 mbegu za mbarika na mimea mingine zimekuwa zikikamuliwa huko Makueni na mafuta yake kusafirishwa hadi Italia. Siupingi mradi huo. Nasema tu kwamba mkulima anayeombwa apande mbarika ana haki ya kuonyeshwa hesabu za mbono kwanza.

Gesi

Jijini Dar es Salaam, bajaji na teksi nyingi sasa hutumia gesi asilia iliyogandamizwa katika mitungi. Gesi hiyo yatoka Songo Songo na maeneo mengine ya kusini mwa nchi, nayo imekuwa ikizalisha umeme tangu mwaka 2004. Gari la gesi halitoi masizi kama la dizeli, na hewa ya ukaa inayotokana nalo ni pungufu ya ile ya petroli kwa takriban robo. Aidha, ni mali ya nchi yenyewe, na madereva husema mfuko wao umepata nafuu, ijapokuwa uchache wa vituo umewafanya wapange foleni ndefu.

Kasoro yake ni kwamba gesi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, ikivuja kabla ya kuchomwa huipasha anga joto mara zaidi ya 80 kuliko hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 20. Bomba bovu na valvu iliyolegea vyaweza kuifuta faida yote. Kwa upande wetu, gesi ya mitungi tunayoitumia huagizwa kutoka nje, na uangalizi wake bado una mashaka. Usiku wa Februari 1, 2024, mtaani Mradi, Embakasi, gesi ililipuka katikati ya makazi ya watu, ikaua na kujeruhi mamia. Kabla ya kuitia nishati hiyo katika matatu elfu kadhaa, tujiulize ni nani ataikagua mitungi.

Umeme, na swali la kijana

Sasa nirejee kwa kijana muuza maji. Umeme watoka wapi? Nchini Kenya jibu ni la kututia fahari. Karibu asilimia 90 ya umeme tunaouzalisha hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke umekuwa ukizungusha mitambo tangu mwaka 1981, na leo ndio chimbuko la zaidi ya asilimia 40 ya umeme wetu. Gari la umeme linalotembea Kenya ni safi kuliko lile lile likitembea katika nchi inayochoma makaa ya mawe. Tena injini ya umeme hugeuza zaidi ya robo tatu ya nguvu inayopewa kuwa mwendo, ilhali ya petroli hupata robo hivi, na salio hupotea kama joto. Isitoshe, usiku wa manane wananchi wakiwa wamelala mahitaji ya umeme hushuka, na sehemu ya mvuke wa Olkaria huachwa ipotee angani. Betri zikijazwa saa hizo, tutakuwa tunaokota kilichokuwa kikitupwa.

Majirani wetu wamekwisha kuamua. Ethiopia ilipiga marufuku kuingizwa kwa magari ya kibinafsi ya petroli na dizeli mapema mwaka 2024. Kigali iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria tangu Januari 2025. Serikali yetu nayo ilitoa bei maalumu ya umeme wa magari mwaka 2023. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa njia hii ndiyo inayotufaa. Lakini kwa kuwa naiamini, napenda ikaguliwe kuliko nyingine zote.

Kwanza, mvuke nao una wenyewe. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha upanuzi wa Olkaria. Zilipeleka malalamiko hadi Benki ya Dunia, na usuluhishi ukafuata. Huko Marsabit, mahakama iliamua mwaka 2021 kuwa hati za ardhi yenye mitambo mikubwa ya upepo ya Ziwa Turkana zilipatikana kinyume cha utaratibu. Taa ya Nairobi isiwake kwa kumzimia mfugaji moto wake.

Pili, betri. Takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa nchini Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Likasi, ambako watu huzungumza Kiswahili kama sisi. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti juu ya watoto wanaookota na kubeba mawe yenye madini hayo. Ni kweli kwamba betri nyingi za pikipiki na mabasi siku hizi hutengenezwa kwa chuma na fosfeti bila ya kobalti, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mnunuzi wa kawaida haambiwi ni ipi iliyomo ndani ya gari lake. Yapasa aambiwe.

Tatu, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, ni mwisho wa betri hizo. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kuvuna risasi. Kazi hiyo, kwa jina, ni kuhifadhi mazingira. Ni kutumia tena kilichotupwa. Kwa vitendo, moshi na maji yake vilileta maradhi, mimba kuharibika na vifo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mwanawe mwenyewe alipatikana na risasi mwilini, aliongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliagiza wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi huo ukakatiwa rufaa, ukatenguliwa, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Watoto walioathiriwa wakiwa wachanga wamekuwa vijana wakati mawakili wakibishana.

Betri za magari ya umeme si za risasi, na sumu yake si ile ile. Lakini uzembe ulioiangamiza Owino Uhuru hauchagui aina ya betri. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yasema kuwa anayeleta bidhaa sokoni atawajibika hata inapogeuka taka. Sheria ni njema. Swali ni kama itaamka mapema au itangoja mazishi.

Nne, kuna mambo ya mfukoni. Mhudumu wa bodaboda anayebadilishiwa betri kituoni huokoa fedha za petroli, lakini mara nyingi betri si mali yake, na hawezi kwenda mbali na vituo vya kampuni moja. Umeme nao hukatika. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege ukiwamo. Kadhalika, kila lita ya petroli hutozwa Sh25 za kutengenezea barabara. Gari la umeme halilipi ada hiyo, ilhali barabara hulibeba kama jingine lolote. Mwishowe mtu ataulizwa, na tusishangae akiwa ni abiria.

Tufanye nini basi?

Wako watakaosema kuwa nchi maskini haina anasa ya kuchagua, na kwamba nikiorodhesha kasoro za kila kitu nawapa kisingizio wauzaji wa dizeli. Sikubaliani nao. Anayepima mizani mbili haachi kununua, huacha kupunjwa. Kati ya njia zote nilizotaja, umeme wa mvuke ndio wenye kasoro zinazotibika zaidi, na alkoholi ya molasi yafuata. Mafuta ya mbegu yabaki kwenye ua la boma mpaka mkulima aonyeshwe faida yake kwa takwimu.

Napendekeza kwanza kwamba misamaha ya ushuru iende kwa mabasi na bodaboda, si kwa magari ya kifahari ya watu binafsi. Basi moja hubeba watu wengi na hutembea kutwa kucha. Likibadilishwa, mtoto aliye mgongoni kule Jogoo hupata nafuu siku hiyo hiyo. Pili, kila betri iingiapo nchini iandikwe na iwekewe amana, na amana hiyo irudishwe betri itakaporejeshwa kwa aliyeileta, kama tufanyavyo kwa chupa za soda. Tatu, bei ya umeme wa usiku ishushwe na itangazwe hadi mwendesha bodaboda wa kijijini aijue. Nne, hakuna kiwanda cha alkoholi kipewe leseni bila ya mtambo wa kusafisha majitaka unaofanya kazi, na vipimo vya mto vibandikwe mahali wanapoweza kuvisoma wavuvi. Tano, maadamu dizeli ingali nasi kwa miaka mingi, malori yanayofuka yaondolewe barabarani leo. Kwa hilo hatuhitaji teknolojia ya kigeni. Twahitaji askari asiyenyoosha mkono dirishani.

Tusisahau pia reli. Treni yetu ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ingali ikivutwa na dizeli, ilhali ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, yaenda kwa umeme. Ni aibu ndogo, lakini ni aibu. Wala tusiwasahau maelfu ya wakazi wa Nairobi wanaokwenda kazini kwa miguu. Hao hawachafui hewa hata kidogo, nao ndio wanaoivuta zaidi. Njia ya miguu yenye kivuli ni nafuu kuliko betri yoyote.

Mzee wa foleni ile alisema tumepona. Ningependa awe amesema kweli, maana umri wake wamruhusu kuiona hewa safi kabla hajaondoka. Lakini ni kijana aliyeuliza swali ambalo wakubwa wetu hawakuliuliza walipopewa risasi, wala walipopewa mbono. Basi siku nyingine utakapoalikwa kushangilia uzinduzi wa gari lisilotoa moshi, ewe msomaji, piga makofi kama likikupendeza. Kisha umwombe mgeni rasmi akueleze nguvu yake inatoka wapi, mabaki yake yatapelekwa wapi, na ni nani anayeishi huko.